Mafunzo ya wazee kuwatunza wazee wenzao: mikono wametufunza, mdomo bado

Wengi mmeniuliza kuhusu yale mafunzo ya kuwahudumia wazee majumbani, yanayochukua watu wa miaka 55 kwenda juu na kuwafundisha kuwatunza wazee wa mitaani kwao. Nimeyamaliza, cheti ninacho, na tangu hapo nimekuwa nikiingia nyumba za watu katika shehia yetu hapa Ng'ambo, Unguja. Jina la jumuiya iliyoyaandaa naliacha. Nina ya kusifu na nina ya kulalamikia, na sote tunakutana misibani na arusini.

Mie ni mwalimu mstaafu. Umri wangu wote wa kazi nimesimama upande wa ubao, kwa hivyo mtu akija kunifundisha, kwanza namkagua. Hawa walikuwa wawili: muuguzi, binti mdogo kuliko kitindamimba wangu, na kijana mmoja wa mazoezi ya viungo. Siku ya kwanza binti aliingia, akatoa "shikamooni" moja ya darasa zima, tukamwitikia, kisha akasema, "Wazee wangu, kila nitakapokosea habari ya magoti mnisahihishe, maana wenye magoti yanayouma ni nyinyi." Darasa likacheka, na kuanzia hapo hakuna aliyemwona mtoto.

Hukumu yangu naitoa mapema ili mwenye haraka aende zake. Kwa kazi ya mikono, yaani kumgeuza mtu, kumwogesha, kumlisha, kumpima, haya ni mafunzo mazuri na sijaona mengine ya bure yanayoyafikia. Kwa kazi ya mdomo, yaani kusema na wenye mzee, kukataa kugeuzwa mtumishi wa nyumba, kumfikishia mkubwa habari isiyopendeza, wametuacha vivi hivi. Na kazi yenyewe, ukishaingia, nusu yake ni mdomo.

Yalichukua wiki mbili, asubuhi mpaka karibu na Adhuhuri, kwenye skuli moja wakati wa likizo. Hulipi kitu. Unapewa nauli ya daladala, chai na maandazi. Madawati ni ya watoto, na mtu wa miaka sitini na kitu hakai dawati la darasa la pili bila ya kujuta. Siku ya tatu tukaleta viti vyetu kutoka nyumbani.

Sasa niseme yaliyonifurahisha, na la kwanza ni somo la vidonda vya kulalia. Mtu wa kitandani asiyejigeuza anaoza upande wa chini huku nyie mnamwona amelala vizuri. Binti alitulaza mmoja mmoja juu ya meza, godoro jembamba chini, akatuonyesha kwa kidole pahala mfupa unapoigandamiza ngozi: kisogo, bega, kiwiko, nyonga, mfupa wa mkia, kisigino. Kila baada ya saa mbili mgonjwa ageuzwe, na kisigino kisiguse kitanda kabisa. Unaweka mto chini ya shavu la mguu, kisigino kinabaki kinaning'inia. Jambo dogo hilo, lakini nimeingia nyumba ambayo bibi alikuwa na vidonda visigino vyote viwili na mito minne imepangwa kichwani kwake.

Kitini walichotupa, yaani kijitabu cha masomo, kilikuwa na picha za ngozi nyeupe, na chini yake pameandikwa: angalia wekundu. Wekundu gani kwa Bi mkubwa mweusi wa Makunduchi? Muuguzi mwenyewe aliitoa kasoro hiyo kabla hatujaiuliza. Akatwambia tusitegemee macho, tutumie mgongo wa mkono. Pahala panapotaka kuharibika panakuwa na joto kuliko pembeni yake, au panakuwa pagumu, au panabonyea, na rangi yake inazidi weusi badala ya kuwa nyekundu. Akatupitishia mikono juu ya mikono. Halafu akatupiga marufuku jambo ambalo sote tulikuwa tukilifanya kwa mapenzi: kuchua pale palipoanza kuharibika. Mafuta ya nazi, mafuta ya karafuu, unasugua kwa nguvu zako zote ukidhani unaamsha damu, kumbe unaimalizia ngozi iliyokwisha choka. Paka kwa wepesi, ondoa uzito, basi. Kulikuwa na bibi mmoja darasani mwenye sifa mtaa mzima kwa kuchua. Alinyamaza mpaka mapumziko ya chai.

Kumsogeza mtu kitandani walitufundisha kwa kanga. Unaikunja, unampitishia chini ya mgongo na makalio kwa kumlaza ubavu huu kisha ule, wawili mnashika ncha, mnahesabu, mnavuta pamoja, hakuna anayenyanyua. Yule kijana wa mazoezi alirudia mpaka tukachoka: ukijiona unanyanyua, umekosea. Kumkalisha mtu nako kuna njia yake. Akunje magoti, ageuke ubavu, miguu ishuke kwanza kitandani, kisha yeye mwenyewe ajisukume kwa kiwiko na wewe umshike bega tu. Miguu inaposhuka, uzito wake unamsaidia kuinuka. Mzee mmoja mwenzetu, mstaafu wa bandari, mtu wa mizigo maisha yake yote, alisema laiti angelijua hilo zamani, mgongo wake ungekuwa mzima.

Ndipo nilipoona faida ya kuwachukua wazee kwa kazi hii badala ya vijana. Kijana ana nguvu, kwa hivyo ananyanyua. Sie hatuna, kwa hivyo tunafuata njia. Halafu kuna haya. Mwanamke wa miaka themanini hamvulii nguo msichana wa miaka ishirini, labda awe mjukuu wake wa damu, na hata huyo ni kwa machozi. Mimi ananivulia. Anajua na mie siku hizi nashika ukuta nikiingia chooni.

Hili la sitara walilitendea haki. Walituonyesha kumwogesha mtu kitandani kipande kwa kipande, kanga moja imemfunika muda wote. Unafunua mkono, unaosha, unakausha, unafunika, ndipo uende mkono wa pili. Maji yanabadilishwa kabla ya sehemu za siri. Mwanamke kwa mwanamke, mwanamume kwa mwanamume. Na siku moja walituletea ustadhi darasani, akaeleza swala ya asiyeweza kusimama: atasali kwa kukaa, akishindwa atasali kwa ubavu, na asiyeweza maji atatayamamu. Mambo haya tunayajua tangu chuo cha Kurani, lakini kuyajua na kumshika mzee mwenye kiharusi mkono umpitishe kwenye udongo wa tayamamu ni mambo mawili. Akagusia na Ramadhani, kwamba mzee mwenye sukari asifunge kwa ubishi bali daktari wake aulizwe mapema, na asiyetarajia kupata uwezo tena, fidia ipo, yaani kulisha masikini badala ya kufunga. Muuguzi akachukua hapo hapo: mgonjwa wa sukari akianza kutoka jasho, kutetemeka na kusema ovyo, hiyo ni sukari kushuka, mpe kitu kitamu kama fahamu anazo, usimwambie avumilie mpaka adhana ya Magharibi. Mafunzo mengine ya afya niliyowahi kuhudhuria yalikuwa yakisemwa kana kwamba wagonjwa wetu hawasali.

Siku ya kupima presha ndiyo iliyokuwa na kisa. Tulifundishwa mambo ambayo, nasema kweli, hata vituoni sijaona yakifuatwa sana: mtu apumzike dakika tano, aende haja kwanza, akae ameegemea, nyayo chini, mkono uwe usawa wa moyo, na asizungumze. Hilo la mwisho lilitushinda. Tukapimana wawili wawili. Yule mzee wa bandari alipopimwa, mashine ilitoa mia na tisini na kitu. Ikarudiwa mkono wa pili, vile vile. Yeye anacheka, anasema mashine mbovu. Muuguzi hakucheka. Alimuuliza kama kichwa kinamuuma, kama kifua kinambana, kama anaona ukungu, kisha akampeleka hospitali mwenyewe, somo likaishia hapo. Kumbe dawa alikuwa nazo, aliziacha kwa kuwa alijiona mzima. Tulipoendelea kupimana, zaidi ya nusu ya darasa tulikuwa juu ya 140 kwa 90, yaani presha imepanda. Watu waliokuja kujifunza kutunza wagonjwa!

Na hapo nina lalamiko. Kwa nini hilo ligundulike kwa bahati? Ukichukua watu wa umri wetu, wapime siku ya kwanza, kabla ya chai. Baadaye tulifanya lile jaribio la Shirika la Afya Duniani la kusimama na kukaa kitini mara tano bila ya kushika, ndani ya sekunde 14, na lile la kukumbuka maneno matatu: ua, mlango, mchele. Tulikuwa tukijifunza namna ya kuwajaribu wazee wetu, na baadhi yetu hatukufika mara ya tano. Hakuna aliyeandika popote nani alishindwa. Mtu asiyeweza kuinuka kitini peke yake ana kazi nyingi anazoweza kumfanyia mzee mwenzake, za kusoma, kuzungumza, kumsindikiza kuchukua pensheni, lakini asipelekwe nyumba yenye mgonjwa wa kitandani. Walitugawa kwa mitaa tu.

Somo la kulisha lilikuwa fupi na zuri. Akae wima, kidevu kiiname kidogo, kijiko kidogo, usitie cha pili mpaka umeona koo limeshuka, na akishakula asilazwe kwa nusu saa. Mwenye kiharusi kipya asipewe hata maji mpaka wa hospitali waangalie kama anameza, kwani maji ndiyo yanayopita njia isiyo yake upesi kuliko uji mzito. Kisha binti akatugeuzia ule msemo wetu wa mgonjwa haulizwi uji. Aulizwe, akasema. Aulizwe anataka wa mchele au wa mtama, wa moto au wa vuguvugu, sasa au baadaye, kwa sababu mtu aliyenyang'anywa miguu na choo chake, uji ndio ulibaki wa kuamulia. Nimelijaribu kwa Bi mmoja ambaye mkwewe alisema hali kitu. Alikuwa hali kwa sababu miezi mingi anapewa uji wa maziwa, na maziwa hayapendi tangu utotoni.

Maradhi ya kusahau yalipewa asubuhi moja, nayo haikutosha. Tuliambiwa tusibishane: mzee akiuliza mama yake yuko wapi, usimwambie kila siku kwamba alikufa, kwani kila siku atafiwa upya, muulize mama alikuwa akipika nini. Vizuri. Lakini anayetoka nyumbani usiku wa manane? Anayempiga mkewe kwa kumdhania mwizi? Anayedai ameibiwa, na mshukiwa ni wewe mjitoleaji? Kitini kina ukurasa mmoja, na nusu yake ni picha ya ubongo.

Nije kwenye mdomo.

Nyumba ya kwanza niliyopelekwa, mkamwana alinipokea vizuri mno. Wiki ya pili ananikabidhi ufunguo na kwenda sokoni. Wiki ya tatu anarudi Magharibi, na mezani ameniachia samaki wa kupaa. Sikumlaumu sana. Ana watoto wanne, mume yuko Muscat, na mama mkwe wa kitandani ni wake peke yake. Lakini mafunzo hayakutupa hata sentensi moja ya kumwambia mtu kama huyo kwa heshima kwamba kazi yangu ni saa mbili na inaishia kwenye mzee. Mie ualimu ulinisaidia, nikamwambia. Mwenzangu mmoja, mpole wa tabia, alifua nguo za nyumba nzima mpaka mgongo ukamwangusha, na sasa haendi kwa mtu yeyote. Mafunzo yamempoteza mtu kwa kukosa mazungumzo ya nusu saa ambayo yangeweza kuigizwa pale darasani, mmoja awe mkamwana na mmoja awe mjitoleaji.

Zito zaidi ni la pesa. Pensheni Jamii ya hapa Zanzibar ilianza Aprili 2016 kwa kila aliyetimiza miaka 70, shilingi 20,000 kwa mwezi, na baadaye ikapandishwa hadi 50,000. Ni pesa ya mzee mwenyewe, si ya nyumba. Sasa unamkuta babu mwenye kadi yake, na kadi inakaa kwa mjukuu, na babu hana sabuni. Unafanya nini? Kitini kinasema: toa taarifa kwa sheha, kiongozi wa shehia. Na kama sheha ni ami yake mjukuu? Nimeuliza swali hili darasani, nikajibiwa kwamba tutalijadili kesho, na kesho ikawa siku ya vyeti. Jibu nimelitafuta mwenyewe: kuna maofisa wa ustawi wa jamii wilayani, na mzee anaweza kusindikizwa siku ya malipo na mtu anayemwamini. Mambo haya yangeandikwa kwenye karatasi moja na kubandikwa ukutani.

Na sijasema kuhusu kupigwa. Darasa zima, neno hilo halikutamkwa, kana kwamba kwetu halipo. Bara, kule Muleba mkoani Kagera, shirika la Kwa Wazee, lililoanza 2003 kwa kuwapa pensheni bibi wanaolea wajukuu yatima, lilifika mahali likawafundisha bibi hao kujihami kwa mikono na kwa sauti. Sisemi na sie turushe ngumi. Nasema waliliweka mezani.

Kinachofuata baada ya cheti ni kidogo. Tulipewa mkoba wenye glavu, sabuni, mashine ya presha na daftari. Glavu ziliisha upesi, betri za mashine tunanunua wenyewe, na tuliahidiwa mtu wa kuja kutukagua kazini. Amekuja mara moja, akapiga picha. Kuna kundi la WhatsApp, nalo limejaa "Ijumaa Karim" na maua. Ukiuliza humo kuhusu kidonda, utajibiwa kwa dua. Muuguzi wetu peke yake ndiye anayejibu, usiku akitoka zamu, na hilo si katika kazi anayolipwa.

Mwanangu anayeishi Marekani aliponisikia nikilalamika, alinieleza kwamba kwao upo mpango wa serikali wa namna hii, Senior Companion, unaochukua watu wa miaka 55 na zaidi, na wale wa kipato cha chini hupewa posho kwa kila saa wanayofanya kazi. Sidai dola. Ila aliponitajia posho nilifikiria yule mwenzangu aliyefua nguo za watu, ambaye pensheni jamii hajaifikia kwa umri na pensheni ya kazi hana kwa kuwa maisha yake yote aliuza maandazi. Kujitolea kuna watu kunakowagharimu chakula cha mchana.

Basi je, uende? Nenda. Hata kama hutaki kumhudumia jirani, una mama, una mume, na una mwili wako mwenyewe unaokuja nyuma. Kwa yale ya kugeuza, kuogesha na kulisha peke yake, wiki mbili hizo zina thamani, na wale wakufunzi wawili ningewapa alama zote ningekuwa bado nashika kalamu nyekundu. Waandaaji ningewarudishia daftari waandike upya.

Wanaume, nanyi mnahitajika kweli. Darasani walikuwa wanne kati ya zaidi ya ishirini, na katika shehia yetu wapo wazee wanaume wasioogeshwa vizuri kwa sababu wake zao hawana nguvu na sie wengine haturuhusiwi. Muadhini wetu wa msikiti wa mtaani alijiunga, ana miaka sitini na sita, na sasa ana nyumba nyingi kuliko anazoweza.

Ukienda, chukua miwani, kitini kina herufi ndogo. Chukua kiti chako. Pima presha kabla ya siku ya kwanza, usingoje ya kwao. Na unapoandikishwa, uliza mambo mawili mbele ya watu: mwezi wa tatu nani atakuja kunitazama kazini, na glavu zikiisha zinatoka wapi. Wakikujibu kwa jina la mtu na namba yake ya simu, tia saini.